Mtoto wa Mkamuzi

Cherop aliwekwa ndani ya suruali ya mzani, akaning'inia pale huku miguu ikirusharusha, akalia kwa sauti ambayo hata watoto wengine waliokuwa wakilia walinyamaza kumsikiliza. Nesi Valarie aliutazama mshale. Akaugonga kwa kalamu, labda mzani ndio wenye makosa, akautazama tena, kisha akamgeukia Naliaka.

"Ameshuka tena, mama."

Hakunong'ona. Benchi zima la akina mama lilisikia, na wale waliokuwa wakipiga gumzo wakaliacha gumzo. Naliaka alimshusha mwanawe na kumfunika kwa leso upesi, maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwa na mbavu zinazohesabika ni mzigo usiotaka kuonyeshwa watu.

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Anakamua. Kwa ile shamba ya ng'ombe, hapo juu."

"Anakamua!" Valarie aliligeukia benchi utadhani anaomba mashahidi. "Baba anakamua, na mtoto anakauka. Sasa hiyo maziwa inaendanga wapi, mama? Mnauza yote?"

"Hawezi maziwa, sister. Akionja tu anafura. Daktari wa Nakuru alisema asipewe maziwa na asipewe soya."

"Daktari gani? Ameandika wapi?"

"Hakuandika. Alisema."

"Alisema," Valarie alirudia, na mwanamke mmoja kwenye benchi akacheka puani. Ni kweli daktari yule alisema tu, tena mara moja, akiwa amesimama, wagonjwa wengine wakiusukuma mlango. Naliaka aliyabeba maneno yale kutoka Nakuru hadi Njoro kichwani, na tangu siku hiyo hakukutana na mtu aliyeyaamini.

Valarie alifungua kabati akatoa pakiti mbili za unga, ule wanaopewa watoto waliopungua uzito. "Hii ndio ya watoto kama huyu. Asubuhi na jioni."

Naliaka aliigeuza pakiti akasoma mgongoni. Mahindi na soya. Alishawahi kumkorogea unga huo huo, kabla hajajua, na Cherop alitapika mpaka akalegea. Alizirudisha pakiti mezani polepole, kwa mikono miwili, ili asionekane mjeuri.

"Iko na soya, sister."

"Iko na protini! Wenzako wanalilia hii unga, wewe unachagua kama uko hoteli." Sasa benchi lilicheka waziwazi. Valarie alimshika Cherop kidevu akamgeuza huku na huku. Mashavu yote mawili yalikuwa na madoa mekundu, mengine yamepasuka. "Na hii? Unamuosha kweli?"

"Kila siku."

"Muoshe vizuri. Na unisikize. Mwezi ujao akishuka tena, mimi naita watu wa serikali wa kulinda watoto waje waone kwako kunaendaje. Sitaki mtoto afe kwa jina langu."

Naliaka alisema asante. Hakujua alikuwa anamshukuru kwa lipi, lakini mtu akishatukanwa mbele za watu na akawa hana la kujibu, asante ndiyo hutoka.

*

Alipofika nyumbani, kwenye zile nyumba za mabati ambazo shamba liliwajengea wafanyakazi wake, alimkuta mama mkwe ameketi mlangoni. Miguuni alikuwa na mfuko wa nguo, na mapajani kibuyu kirefu chenye mkanda wa ngozi na shanga shingoni. Bibi huyo, ambaye wote walimwita Gogo, alikuwa ametoka Keringet alfajiri. Kiptum ndiye aliyempigia simu mamake, na mkewe hakuambiwa kitu.

Gogo alimchukua Cherop, akamnyanyua, akampima kwa mikono yake miwili, na uso ukamwanguka. Hakuhitaji mzani.

"Woi! Hii ni mtoto ama ni kuku?"

Naliaka aliingia ndani akainjika chai. Alijua kitakachofuata, na kilifuata kweli. Gogo alipokea kikombe, akaichungulia ile chai nyeusi, akakiweka chini bila kuonja.

"Strungi? Kwani ng'ombe ya Njoro imekufa yote?"

"Hatuweki maziwa kwa nyumba, Gogo. Ile tunapewa jioni, mimi hupeleka kwa mama jirani, Emmy."

"Maziwa ya mtoto wangu unapea jirani?"

"Inamdhuru, Gogo. Nilimpa biskuti moja tu, siku moja, macho ikafunga yote mawili. Ilikuwa imewekwa maziwa na mimi sikujua."

Gogo alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa mwanamke mbaya, hilo lisemwe mapema. Alikuwa amelea watoto saba kwenye baridi ya Keringet, na wote saba walisimama kwa maziwa. Maziwa ndiyo yaliyowatoa vijana jandoni na kuwapokea wageni mlangoni. Na sasa msichana wa Kibukusu kutoka Bungoma, ambaye hata kushika chuchu ya ng'ombe alifundishwa na mumewe, alikuwa anamwambia kwamba maziwa yanaua.

"Mtoto ya Kalenjin," alisema pole pole, "haidhuriwi na maziwa. Labda nyinyi kwenu."

Jioni Kiptum alirudi kutoka kukamua, buti zimelowa, koti linanuka zizi. Cherop, ambaye kutwa nzima alikuwa amejikunja kwenye kona akilalamika, alisimama ghafla na kupiga mbio zake za kuyumba mpaka mlangoni. Ndiyo ilikuwa desturi yao wawili. Kiptum alichuchumaa, akayabana mashavu ya binti yake kwa viganja, akayavuta kidogo na kuuliza, "Nani huyu? Nani huyu?" na mtoto akacheka kile kicheko pekee kilichosikika nyumbani mule siku nzima. Naliaka alikipenda kicheko hicho kuliko chakula.

Walipokula, Gogo alitoa neno lake. "Naenda na huyu Keringet. Mwezi moja tu, nitawarudishia mtoto mnono."

Naliaka alimtazama mumewe. Kiptum alikuwa anachimba ugali wake kwa kidole.

"Si milele," alisema bila kuinua macho. "Mama amelea watu. Na kliniki nao wanasema unamnyima."

"Akienda huko atakufa, Baba Cherop. Atapewa maziwa siku ya kwanza na atakufa."

"Sasa hapa anaishi?"

Jambo hilo lilimchoma kwa sababu halikuwa uongo. Viazi, ndizi, uji wa wimbi mtupu, yai pale lilipopatikana, parachichi pale lilipokuwa bei nafuu. Cherop alikuwa amevichoka vyote na kufunga mdomo. Kila mlo ulikuwa vita, na mama ndiye aliyeshindwa. Naliaka alipiga magoti pale pale sakafuni, mbele ya mama mkwe, akaomba apewe muda mpaka kliniki ya mwezi ujao. Gogo mwenyewe abaki, ajionee kwa macho yake. Mtoto akishuka tena, amchukue.

Gogo alifikiri. Hakupenda kuona mtu amepiga magoti, hata kama ni huyu.

"Inuka. Nitakaa. Na nikikaa kwa nyumba yako, nafuata sheria yako. Umesema hakuna maziwa, hakuna. Mimi sidanganyi mtu."

Kesho yake asubuhi alikibeba kibuyu chake, kikiwa kimejaa mursik, maziwa ya kugandishwa, aliyoyatayarisha kwa ajili ya mjukuu tu, akaenda kuwagawia watoto wa Emmy mpaka tone la mwisho. Aliporudi alikiosha kwa maji ya moto na ujiti wake wa mtende wa kusugulia, akakisugua kwa ndani kwa mkaa wa mti alioubeba kutoka nyumbani kwao, akakitundika. Naliaka alimwona akifanya hivyo, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma.

*

Wakati huo viazi vilikuwa vinavunwa mashamba ya jirani, na mwenye kuvuna alilipwa jioni na kupewa ndoo ya vile vidogo. Naliaka alitaka mayai ya mtoto. Kwa siku kadhaa hakuthubutu kutoka. Alimwangalia Gogo kila alipokaribia jiko, na Gogo aliliona jicho lile na kulimeza. Lakini bibi huyo hakuvunja sheria hata moja. Alikunywa strungi akikunja uso. Alinawa. Hata mkate aliokuja nao Kiptum aliurudisha dukani baada ya kuambiwa kwamba ndani una maziwa. Basi Naliaka akaona aibu kumshuku, akachukua jembe akaenda.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini alipomwona Emmy anakuja mbio katikati ya matuta, leso imeanguka mabegani.

"Naliaka! Mtoto! Kimbia, mtoto amefura!"

Hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka Gogo amesimama uani akiwa amemkumbatia Cherop, akilia kwa Kikalenjin, na uso wa mtoto haukuwa uso tena. Midomo ilikuwa imevimba, macho yamefungwa, na kifuani kulitoka mluzi mwembamba kila alipovuta pumzi. Odero, jirani mwenye boda boda, alikuwa tayari amewasha pikipiki.

"Panda, mathe! Shika mtoto, mimi nitapiga honi mpaka huko!"

Katika hospitali iliyokuwa karibu, daktari kijana aitwaye Sitati alimwona Cherop kutoka mbali na hakuuliza jina. Sindano iliingia pajani mama akiwa bado amemshika. Kisha oksijeni. Kisha kusubiri. Naliaka alihesabu pumzi za mwanawe mpaka hesabu ikampotea, akaanza tena, na alipokuwa akianza mara nyingine mluzi ukapungua na mtoto akalia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye hasira. Hapo ndipo alipoketi sakafuni.

Kiptum alifika na Gogo. Sitati aliwasimamisha kando ya kitanda.

"Amekula nini chenye maziwa ama soya?"

"Hakuna," alisema Gogo.

"Fikiria vizuri, mama. Hata kidogo. Chai, siagi, mkate."

"Mimi sina haja ya kufikiria. Nilimpa uji ya wimbi na maji. Wimbi nililetanga mwenyewe kutoka shamba yangu, nimesaga na jiwe kwa mikono yangu. Sikumpa maziwa. Mungu ananiona."

Daktari alimtazama, akaona ni kweli anayoyasema, akainua mabega. "Mimi naona tu kilichotokea. Kilichoingia mnakijua nyinyi." Akaitwa kitanda kingine.

Naliaka aliyatazama macho ya Gogo akitafuta uongo ndani yake. Angeufurahia uongo huo, Mungu amsamehe, angeufurahia kuliko kitu chochote. Hakuuona. Mwanamke yule alikuwa amefanya kila alichoambiwa.

Kiptum ndiye aliyezungumza kwanza, na hakupaza sauti.

"Mama hajampa maziwa."

"Najua."

"Na bado amefura."

"Najua, Baba Cherop."

"Basi si maziwa." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Si maziwa. Miezi hii yote mtoto anakauka, nyumba inachekwa, mimi nakamua ng'ombe ya watu na mtoto wangu ananyimwa kikombe. Na si maziwa."

Jambo moja tu ambalo Naliaka alikuwa nalo duniani, neno moja la daktari aliyesimama, lilikuwa limeondolewa mkononi mwake, tena na mtu asiyedanganya. Huenda hakusikia vizuri siku ile. Huenda ni yeye aliyemdhoofisha mwanawe kwa mikono yake, na Valarie, na benchi lote lililocheka, ndio waliokuwa na haki. Alimtazama Cherop akiwa na mpira puani, akaona aibu hata kumshika.

"Mkiruhusiwa kutoka, ataenda Keringet," alisema Kiptum.

Naliaka alitikisa kichwa kukubali.

*

Asubuhi ya safari waliyoipanga, Kiptum alikuwa bado zizini. Cherop alikaa kwenye mkeka, uvimbe umetoka, mashavu yametulia baada ya siku zile za hospitali, hata madoa yalikuwa yamekauka. Naliaka alikuwa anakunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye mfuko. Kila nguo aliinusa kwanza.

Gogo alikuwa jikoni akikoroga uji wa safari. Alikuwa mpole tangu walipotoka hospitali. Kushinda hakukumpendeza kama alivyodhani.

"Usilie," alisema. "Huyu mtoto si mgumu. Siku ile, kabla ya ugonjwa, alikunywa uji yote. Yote! Alishika na mikono mbili, akavuta, akavuta, nikasema sasa amepona."

Naliaka aliacha kukunja. Cherop hakuwa amemaliza kikombe cha uji tangu mvua zianze.

"Alikunywa yote?"

"Yote. Kwanza alikataa. Nilimpa na kikombe akatema, na kijiko akatema. Nikasema huyu anataka harufu ya kwao. Nikamwekea kwa ile."

Akaonyesha kwa mwiko. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ukutani, shanga zikimetameta.

Naliaka alisimama. Alikitungua kibuyu, akachukua maji yaliyokuwa yakitokota, akamimina ndani, akafunika kwa kiganja bila kujali yanavyochoma, akatikisa. Kisha akayamwaga kwenye bilauri iliyokuwa mezani.

Maji yalitoka na vumbi la mkaa. Yaliposimama kidogo na vumbi kutua, juu yake palikuwa na utando mwembamba na vijitone vya mafuta.

"Gogo," alisema. "Onja. Mimi sijui maziwa kama wewe. Onja uniambie."

"Nilikiosha hicho. Uliniona. Ni safi kuliko sufuria yako."

"Nilikuona. Onja tu."

Gogo aliipokea bilauri kwa kiburi. Aliinusa, akaiweka mdomoni, akazungusha ulimi. Mwanamke huyu aliweza kuonja mursik na kukwambia ng'ombe alikula nyasi za bondeni au za mlimani. Naliaka alimwona akiacha kumung'unya. Akameza. Akaonja tena, safari hii macho yamefumbwa, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Kibuyu hii ilikuwa ya mama yangu," alisema. "Maziwa imekaa ndani kabla wewe hujazaliwa. Kabla Kiptum. Imeingia kwa mti." Akaiweka bilauri chini mbali na mtoto, akaisukuma mbali zaidi kwa mguu. "Ni mimi."

"Hukujua, Gogo."

"Nilikuwa namsifu. Alikuwa anakunywa na mimi namsifu."

Akajifunika uso kwa leso. Naliaka hakumfariji, hakuwa na nguvu ya kufariji mtu. Alichosikia moyoni kilikuwa furaha ya ajabu isiyo na heshima: hakuwa amekosea. Maskini, hata furaha hiyo ilikuwa ya kumwonyesha tu kwamba mtoto kweli angeweza kuuawa na kibuyu kilichooshwa.

"Haendi," Gogo alisema ndani ya leso. "Keringet hakuna nyumba, hakuna kikombe, hakuna kitanda ambayo haijamwagikiwa maziwa. Toa hizo nguo kwa mfuko."

Mlango ulisukumwa. Kiptum alirudi kutoka kukamua kwa asubuhi, amekuja kuaga. Cherop alipiga kelele ya furaha, akainuka kwenye mkeka, akayumba mpaka kwa babake. Kiptum alichuchumaa. Hakuwa amemshika mtoto tangu hospitali. Uso wake wote ulikuwa unaomba radhi.

"Nani huyu? Nani huyu?"

Mtoto alicheka. Gogo alishusha leso. Aliitazama ile mikono mipana imeyafunika mashavu ya mjukuu wake, vidole vinne upande huu, vinne upande ule, na Naliaka akaona kitu kinabadilika usoni pake.

"Wacha," alisema Gogo. Kisha kwa sauti kubwa, "Wacha mtoto!"

Kiptum aliachia kwa mshangao. "Nini, mama?"

"Umetoka wapi?"

"Kukamua. Si unajua."

"Umeosha mikono?"

"Nimeosha. Na maji ya mpira, hapo zizini, kama siku zote."

"Na mimi niliosha kibuyu."

Kiptum hakuelewa. Alimgeukia mkewe, lakini Naliaka alikuwa anatazama mashavu ya mtoto. Walisimama wote watatu wakiyatazama. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha wekundu ulianza kujitokeza taratibu, mstari mmoja, na mwingine kando yake, mahali pale pale ambapo Valarie alisema paoshwe vizuri, mpaka alama za vidole zikasomeka shavu zima.

Kiptum aliiinua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma. Kucha, mikunjo, nyufa za baridi ambazo kila jioni alizipaka mafuta ya kukamulia. Miaka sita ya maziwa. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa nyumba hii na unga uliokuwa ndani yake, na hakujua nyingine.

"Kila jioni," alisema.

Naliaka alichota maji ya moto kwenye karai, akaweka sabuni kando yake, akaanza kumpangusa mtoto uso kwa kitambaa. Cherop alimponyoka. Mchezo ulikuwa haujaisha kwake. Alinyoosha mikono miwili juu, akaenda kwa babake akitaka kubebwa, na Kiptum akarudi nyuma. Mtoto akasonga, baba akarudi tena, viganja vimeinuliwa juu, mpaka mgongo wake ukagusa mabati ya ukuta na hakuwa na pa kwenda.

"Baba," Cherop alisema, na aliposhindwa kuelewa akaanza kulia. "Baba. Baba."

"Mchukue," Kiptum alimwomba mkewe, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta. "Mama Cherop, tafadhali, mchukue."